Kufuli la Bomba la Mkange

Jumamosi

Ameahirisha tena! Mara ya tatu sasa. Mgeni rasmi wa uzinduzi ana udhuru, na mwenyekiti wa klabu yetu ameshikilia kwamba kisima tulichowachimbia watu wa Mkange kisitumike mpaka utepe ukatwe. Eti wafadhili wanataka picha.

Mwaka mzima tumehangaika. Tumeuza sambusa, tumetembeza kadi za mchango, tumekimbia mbio za hisani juani. Maji yametoka, matamu kabisa, halafu bomba tumelipiga kufuli.

Leo nimetumwa kuwaambia wasubiri. Nikakutana na Bi Mwanaidi, mkunga wa kijiji, anatoka mtoni na ndoo kichwani. Nikamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Kwani haya maji yanakaa eda?”

Wenzake wakacheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Nikampigia mwenyekiti. “Katibu,” akanijibu, “utaratibu ni utaratibu.” Njia nzima ya kurudi nimemnunia, yeye na utepe wake.

Lakini ufunguo wa kufuli lile ninautunza mimi. Ulikuwa mkobani wakati ule wote, nami nimesimama nao mbele ya Bi Mwanaidi, ndoo ikimchuruzikia mabegani.