Benchi la Wakalimani

Jumanne, 10 Juni 2025

Tumepita! Hatua ya kwanza tu, lakini tumepita. Dokta Odoch alinipigia simu nikiwa nasubiri chapati nje ya geti la Chuo Kikuu cha Kyambogo. Akasema jina letu limo kati ya watakaotembelewa na jopo la Mfuko wa Utafiti na Ubunifu wa Elimu. Jina letu, maana yake jina lake. Tangazo la serikali lilisema wazi: mtafiti mkuu awe raia. Mimi na kadi yangu ya ukimbizi, na shahada yangu ya pili, ni "Mbambu, msaidizi". Mwaka jana nilinung'unika. Mwaka huu sina hata nguvu ya kunung'unika.

Nilitaka kufurahi. Nikala chapati, nikapanda boda, nikaja kulala na viatu.

Jumatano, 11 Juni

Nimeambiwa niandike muhtasari ambao hata dereva wa waziri ataelewa. Najaribu hapa kwanza.

Shule ya kanisa, Katwe. Darasa la tatu. Mwalimu anafundisha kwa Kiingereza, na watoto wengi wamefika kutoka Kongo juzi juzi. Kiingereza hawajui, Kiganda hawajui. Basi wale walioanza kuelewa wanakaa kwenye benchi la mbele na kugeuza kila sentensi — huyu kwa Kiswahili, yule kwa Kinande, mwingine kwa Kinyarwanda. Sheria ni moja: usiongeze, usipunguze. Nilichokiona katika miezi yote hii ni kwamba anayefaidi zaidi si anayetafsiriwa. Ni mkalimani. Mtoto anayebeba maneno ya wenzake huanza kusoma mapema kuliko wao.

Ndiyo hivyo. Sina zaidi.

Dokta alisoma, akasema safi, lakini kifaa kiko wapi? Fomu ina sehemu ya kifaa. Nikamwambia kifaa ni benchi. Alicheka mpaka miwani ikamteleza. Akasema serikali gani itafadhili benchi? Ameongeza tableti. Za kufanyia nini, tutajua baadaye.

Jumatatu, 16 Juni

Leo tumegawa fomu za ridhaa. Mfuko umetuletea fomu zake — nembo ya taifa juu, halafu jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, nchi ya asili, lugha ya nyumbani, mahali pa mzazi kuweka dole gumba. Esperance, mwalimu wa darasa, alinionya nisitarajie mengi. Wazazi hawa ukiwaita kwa mkutano wa kuchangia uji wa shule hawaji.

Wamekuja wote! Wengine na baba zao. Mama mmoja alinawa mikono kabla ya kuweka dole gumba. Aliinawa kwa sabuni, taratibu, kama anayekwenda kushika mtoto mchanga.

Nimemwambia Esperance, unaona, wanajali. Esperance akaguna, akakusanya fomu.

Alhamisi, 19 Juni

Darasa limefurika. Watoto wapya wamekaa hadi madirishani. Wanatoka Makindye, Nsambya, mmoja anasema ametoka kambini na shangazi yake kwa basi la alfajiri. Anayewaambia ni nani?

Mmoja ni Gradi. Ameandikwa ana miaka tisa. Ndevu zinamchungulia! Hasemi kitu, kwa lugha yoyote. Victoire alimtafsiria somo zima la Sayansi kwa Kiswahili, kisha kwa Kinande, kwa subira ya muuguzi, na yeye akakodoa macho tu. Victoire ndiye mkalimani wangu bora. Mwaka jana alifika hajui hata "good morning". Sasa anamsahihisha hata Esperance: "Mwalimu, ulisema 'some leaves', si 'leaves'." Ni mtoto mwembamba, mikono nyuma, hana huruma kabisa.

Jumamosi, 21 Juni

Nimejua. Afadhali nisingejua.

Nilikwenda kumtafuta mama yake Gradi. Anatembeza vitenge kichwani, nikamkuta amekaa kivulini nyuma ya stoo. Nilitaka kumuuliza kama mtoto ana tatizo la kusikia. Akaangalia kushoto, kulia, akanivuta mkono.

"Dada, miye najua. Munaandika batoto ya kupeleka Canada. Nakuomba, weka Gradi juu kabisa."

Nikasema, Mama Gradi, Canada gani?

Akacheka. Akanipiga begani, kama watu wanaoshirikiana siri. Nchi ya asili, tarehe ya kuzaliwa, dole gumba — mambo hayo, alisema, yanaulizwa mahali pamoja tu duniani: kwa wanaoandika wakimbizi wa kuhamishiwa ng'ambo. Gradi amemtoa shule nyingine, nzuri, huko Makindye. Amempunguzia miaka, maana wadogo ndio wanaopokelewa upesi. Na amemwambia anyamaze, maana wanaochukuliwa kwanza ni wenye shida.

Basi wale watoto wa madirishani wote. Wote!

Mama yangu alifia hospitali ya Mulago akisubiri jina lake litokee, sanduku lake likiwa limefungwa chini ya kitanda. Sweta za baridi ya Amerika ndani yake. Mimi ndiye niliyelifungua. Hakuna mtu anayehitaji kunieleza orodha ni nini.

Jumapili, 22 Juni

Kanisani, mchungaji aliwaombea "wale walioandikwa". Ukumbi mzima ukaitikia Amina. Nami nikaitikia Amina.

Kwa nini niliitikia?

Jumatatu, 23 Juni

Nimemwambia Dokta kila kitu. Alininunulia chai kwanza, kwa hiyo siwezi kusema ni mtu mbaya. Alisikiliza. Kisha akageuza kompyuta yake nione mchoro. Mstari wa maendeleo ya kusoma umepanda kama ukuta. Nikamwambia Dokta, huyo ni Gradi na wenzake. Wiki iliyopita walikuwa bubu, wiki hii mmoja amejisahau akasoma ukurasa mzima. Si muujiza. Walikuwa wanajua.

Akavua miwani, akajikanda macho. Akasema tutawaondoa kwenye hesabu baada ya ziara. Akasema hatujamdanganya mtu. Fomu inasema utafiti. Jopo linakuja Alhamisi, na darasa tupu halipati ruzuku. Akasema amekuwa akiomba fedha za utafiti tangu mimi niko shule ya msingi, na hajawahi kufika hatua hii. Aliposema hivyo sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, mdogo zaidi.

Nikamuuliza, na wazazi?

Akasema, "Mbambu, kwani wanapoteza nini?"

Shule ya Makindye, nilitaka kusema. Nilimaliza chai. Ilikuwa yake.

Jumanne, 24 Juni

Nimegombana na Esperance. Kumbe alijua tangu siku ya kuweka dole gumba. Nikamuuliza mbona hukuniambia? Akaendelea kufuta ubao.

"Weye umesoma sana," akasema, "nikafikiri unajua."

Hataki niwaambie wazazi. Anasema wataondoka wote, hata wale waliokuwa wetu tangu mwanzo, na Victoire ataondoka nao. Na mimi nitarudi wapi? Kusahihisha tasnifu za watu wengine chumbani, bila jina langu popote. Najua. Bila ruzuku hii hakuna benchi mwaka ujao.

Kesho nitawaambia. Naandika hapa ili nisiweze kukana.

Jumatano, 25 Juni

Nimewaambia.

Niliwaita uwanjani baada ya masomo. Nikasema kwa Kiswahili, wazi, taratibu: hii si orodha ya safari. Hakuna Canada, hakuna Amerika. Ni utafiti wa kusoma. Serikali inatafuta njia ya kufundisha. Mtu aliyemtoa mtoto shule nyingine, amrudishe.

Kikatoka kicheko kidogo, nyuma. Kisha wengi.

"Muache mwalimu," mama mmoja akasema, "amekatazwa kusema." Mwingine akaeleza wenzake kwamba hata wale wa miaka ya nyuma, waliokwenda kweli, waliambiwa kwanza kwamba hakuna kitu. Orodha inayotangazwa ndiyo ya uongo. Ya kweli hukanwa! Mama Gradi akanikonyeza. Wakaondoka wakiwa wamechangamka kuliko walivyokuja.

Nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimesema ukweli na ukweli wenyewe umewazidishia imani.

Na ngoja niandike na hili. Nilipumua. Nilijisikia nafuu. Nimewaambia, wamekataa, darasa litajaa kesho. Mikono yangu misafi. Ningeweza kuendelea — kumshika Mama Gradi, kumpeleka hadi Makindye kwa mwalimu mkuu. Nilikwenda kupiga pasi blauzi ya kesho.

Alhamisi, 26 Juni

Mapumziko ya chai. Naandika nyuma ya darasa, nimekaa juu ya kreti ya soda. Jopo limejifungia ofisini na Dokta.

Walikuja watatu. Anayeongoza ni Madam Nabalayo, mama mtu mzima, viatu vya chini, anasikiliza bila kutikisa kichwa. Darasa limejaa mpaka mlangoni. Wazazi wamekaa nyuma wamevaa vitenge vya Jumapili, kila mmoja na bahasha yake ya plastiki ya hati mapajani. Dokta akaonyesha tableti. Madam akaziangalia kwa adabu. Kisha akasema angependa kuongea na mzazi. Yeyote.

Mama Gradi alikuwa amesimama kabla sijatafsiri.

Madam aliuliza kwa nini amemleta mtoto hapa. Mama Gradi akajibu, sauti nzuri, kifua mbele: amemleta kwa sababu hapa wanapeleka watoto Canada. Kule Makindye alikuwa anasoma vizuri, Kiingereza anajua, yeye ndiye aliyemwambia anyamaze. Na anamshukuru mwalimu Mbambu, anayeficha siri vizuri.

Madam akanigeukia.

Nikasema kwa Kiingereza: anasema mtoto alikuwa shule nyingine, lakini hapa ameona tumaini zaidi.

Ilitoka laini kabisa.

Benchi la mbele likalia. Victoire amesimama, mikono nyuma.

"Mwalimu amepunguza," akasema.

Kisha akamgeukia Madam na kuyatoa yote, kwa Kiingereza, moja baada ya jingine. Canada. Makindye. Kunyamaza. Siri. Hakuacha hata shukrani. Alipomaliza akakaa.

Madam akamuuliza yeye Kiingereza amejifunzia wapi. Victoire akagonga benchi kwa kiganja. "Here."

Kalamu ya Madam ikaanza kuandika. Iliandika muda mrefu. Dokta alikuwa anaangalia tableti iliyozimika. Gradi alinitazama mimi, na kwa mara ya kwanza akafungua mdomo, Kiingereza safi, akaniuliza polepole kama sasa anaruhusiwa kuongea.

Sijui ofisini wanasema nini. Mlango mzito. Nimesikia Dokta akikohoa, nimesikia Madam akicheka au akishangaa, sijui. Esperance amepita na themosi ya chai, hakunitazama.

Mama Gradi amenifuata huku nyuma. Hajui Kiingereza, hakuelewa Victoire alisema nini. Ameona tu kalamu. Amesimama mbele yangu, bahasha kifuani, uso unang'aa.

"Mwalimu," anasema, "ule mama ameandika sana. Ni jina ya Gradi?"

Nimemwambia asubiri nimalize mstari huu. Anasubiri.