Jiko la Kuazima

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeazima jiko! Naandika hivyo nione linavyosomeka. Ni jiko la kuchorwa, picha ya rangi za mafuta, kwenye fremu ya mbao iliyochubuka pembe moja.

Ilikuwa hivi. Mvua ilinikuta kituo cha wanafunzi, kule chini kwenye meza za chai na wale wacheza tenisi ya meza wasiojua kuchoka. Nikapanda ngazi ili nikimbie kelele tu. Juu ndiko liliko jumba dogo la sanaa la chuo. Mwaka wa pili huu na sijawahi kuingia! Mimi wa uhasibu, sanaa nimeiingilia wapi? Paa lake ni la kioo. Mvua ilikuwa inatembea juu, kivuli chake kinatembea ukutani, juu ya picha, juu ya mikono yangu. Nilijiona niko chini ya maji na wala sina haja ya kupumua.

Mtunza jumba akanishtua. Mama mnene, miwani inaning'inia shingoni, wanafunzi wanamwita Mama Fremu. Kumbe wanawaazima wanafunzi picha, tukatundike hosteli. Bure! Nikauliza, je, nikiiharibu? Akasema picha haziharibiwi na watu, zinaharibiwa na stoo.

Nikachagua jiko. Meza, beseni la bluu, mlango wa nyuma uko wazi na jua limeingia hadi katikati ya sakafu. Kiti kimesogezwa nyuma, kama mtu kanyanyuka sasa hivi. Mtu mwenyewe hayumo.

Jumanne, 4 Machi

Nimejuta. Sikufikiria kabisa.

Injinia, ninayekaa naye chumba kimoja, kafiwa na mama yake likizo iliyopita. Tangu turudi ni kitandani tu, uso ukutani. Huyu ndiye aliyekuwa akitengeneza pasi na birika za mabinti wa hosteli nzima, bisibisi nyuma ya sikio kama penseli ya seremala. Jina tulimpa kwa hilo, kabla hata hajamaliza somo la kwanza la umeme. Sasa darasani haendi. Kuoga mpaka nimsukume. Na mimi, kwa akili zangu timamu, nimemletea jiko lisilo na mtu!

Aliitazama muda mrefu. Nikasema basi naishusha. Akasema: iache.

Neno moja. Lakini kwangu ni hotuba.

Alhamisi, 6 Machi

Kageuka. Sasa analala uso upande wa picha.

Jumapili, 9 Machi

Ndoto. Nimepita kwenye ule mlango wa nyuma. Nje nikakuta kituo cha wanafunzi, kile kile, ila meza zinaelea taratibu na watu wanakunywa chai bila wasiwasi. Mama Fremu anabandua vivuli ukutani, anavikunja kama shuka. Nami nilikuwa namtafuta mtu — sikumbuki nani. Kila niliyemuuliza alinionyesha upande tofauti, kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni.

Nimeamka jua limeshaingia. Injinia yuko macho. Nikamsimulia yote. Akauliza: beseni lilikuwa na maji?

Nikamwambia sikuangalia. Akanuna! Kweli kabisa kanuna, kama vile kanituma dukani nimerudi mikono mitupu.

Ijumaa, 14 Machi

Anaongea! Kidogo kidogo, macho kwenye picha. Anasema yule mama wa kwenye picha (ameshaamua ni mama) hakuondoka kwa hasira, maana kiti kingeanguka. Wala hakwenda safari, mbona viatu viko mlangoni? Nikainuka kuangalia. Vipo kweli! Mimi nilidhani ni kivuli.

Ameitwa tu, akasema. Jirani kamwita uani, wanazungumza.

Wanazungumza nini?

Watoto, akasema. Halafu akalia.

Ndiyo mara yake ya kwanza. Ananiambia mazikoni hakutoa hata tone, na watu wakamsifu kwamba kajikaza, mtoto mkubwa ndivyo anavyotakiwa kuwa. Nikakaa naye kitandani. Uwanjani mtu alikuwa anapuliza filimbi ya mazoezi, na mlio ulikuja mwembamba, wa mbali, kama unatokea kwenye ule mlango uliochorwa.

Jumatano, 19 Machi

Mhadhiri wake kanisimamisha kituoni, kikombe cha chai mkononi. Nimwambie mwenzangu nafasi yake maabara bado ipo, ila haitamsubiri milele. Nimefikisha. Injinia kasema "mm."

Lakini nimerudi kutoka maktaba na kukuta taa yangu ya mezani imefunguliwa vipande vipande! Kaiunga upya, kaipa shingo ndefu, kaielekeza kwenye picha. Eti lile jua la mlangoni linahitaji kusaidiwa. Ya kusomea mimi je? Hana habari.

Nimesomea kitandani, kwenye mwanga wa jiko.

Jumamosi, 29 Machi

Wiki hii kaenda maabara! Wenzake wakampigia makofi, akataka kugeuza. Ila kabaki.

Leo tumekwenda wote kituoni. Kanywa chai, kala mkate wake na nusu ya wangu. Mpira wa tenisi ukatua kwenye kikombe cha mtu, Injinia akacheka — kile kicheko chake cha zamani, cha kukoroma kidogo mwishoni. Nilikuwa nimekisahau. Nilihisi kama chumba kizima kimefunguliwa madirisha.

Tukapanda juu. Akamuuliza Mama Fremu nani kachora lile jiko. Mwanafunzi wa zamani, akajibu, aliondoka bila kuacha jina. "Ameitwa tu," nikasema. Injinia kanifinya mpaka sasa pananiuma.

Mama Fremu ana habari. Tarehe kumi na moja kuna maonyesho, picha zote zirudi kabla ya hapo. Kila aliyeazima atasimama kando ya picha yake aseme waliishije pamoja. Mimi? Nitasema nini, kwamba mwenye nyumba si mimi? Nikamsukuma Injinia mbele. Huyu ndiye aliyekaa nayo.

Akasema sawa. Sawa!

Jumatano, 2 Aprili

Baba yake kapiga simu. Sauti ilisikika mpaka kitandani kwangu. Si ukali. Ni sauti ya mtu aliyechoka. Nyumba haikaliki, alisema. Wadogo zake hawali vizuri, kitinda mimba kagoma kwenda shule. Yeye ndiye mkubwa. Ijumaa ya wiki ijayo anakuja kumchukua. Masomo yapo tu, hayakimbii.

Ndiyo baba. Ndiyo baba. Ndiyo.

Kisha akazima taa ya picha.

Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Mzee mwenyewe kafiwa. Na wale watoto nao, nani awapikie, awafunge vifungo vya sare? Nimegeuza upande huu, nimegeuza upande ule. Sioni mkosaji. Laiti angekuwepo, ningelala.

Jumanne, 8 Aprili

Kashafunga sanduku. Birika lake kanipa mimi. Nimekataa, kaliacha juu ya kitanda changu.

Mchana tumerudisha picha. Tuliibeba wawili, ingawa ni nyepesi. Tulivuka bustani ya chuo pole pole, jiko katikati yetu, na mawingu yakawa yanapita kwenye rangi yake inayong'aa, yanaingia mlangoni, yanatokea upande wa beseni. Watu walitupisha kama tumebeba mgonjwa.

Kwenye ngazi nikamuuliza: umemwambia baba kwamba hutaki?

Hatanielewa.

Umemwambia?

Kimya. Wanasema kimya kingi kina mshindo. Mimi huo mshindo nausubiri!

Ijumaa, 11 Aprili

Naandika nikiwa juu, jumbani, benchi la nyuma. Kalamu inateleza kwa jasho. Watu wamejaa, jua limejaa, kila uso unang'aa kama umechorwa sasa hivi.

Baba yake kafika. Alipitia hosteli kwanza, kalikuta sanduku liko tayari, kalibeba, wakamwelekeza huku. Koti linampwaya. Viatu vimepigwa rangi mpaka vinametameta. Nikamwamkia mlangoni, shikamoo baba. Marahaba mwanangu, mwenzio yuko wapi? Gari linatungoja. Nikanyoosha kidole. Akamwona, akabaki pale pale, sanduku mkononi.

Zamu ya Injinia. Mama Fremu anampa maiki, anaikataa. Anatazama juu ya vichwa vya watu.

"Baba, sogea huku. Hapo jua linakupiga machoni, huoni kitu."

Watu wote wakageuka! Mzee kababaika. Kaweka sanduku chini katikati ya mlango, kapita, samahani, samahanini jamani. Sasa wamesimama wawili mbele ya jiko. Injinia ananong'ona, sipati yote. Anamwonyesha kiti. Anamwonyesha viatu. Mzee anatoa miwani mfukoni, anasogea mpaka pua inataka kugusa rangi. Mama Fremu kanyanyua mkono amzuie — kaushusha.

Na hili nimelisikia, kila mtu kalisikia, maana jumba zima limetulia:

"Nitakuja nyumbani, baba. Kila likizo nitakuja. Wadogo zangu nitawapikia, nitalala nao. Lakini leo siendi."

Mzee hajageuka. Anaangalia ule mlango wa nyuma, kichwa kakiinamisha kidogo kama anayesikiliza mazungumzo ya uani. Injinia kamshika kiwiko.

Wanaochelewa wanaruka sanduku. Mlinzi kalishika mpini, anauliza kwa sauti ya chini hili la nani, linaziba njia, alipeleke garini au alirudishe hosteli? Hakuna anayemjibu. Sasa ananitazama mimi.

Najifanya naandika.