GPS ya Kumrudisha Mama Angani

Zelenka, Nebraska
9 Februari 2003

Mwanangu Marcella,

Kwa idhini ya wakuu wa nyumba hii, yaani mama yako na paka, ninatangaza rasmi kwamba leo asubuhi, nikiwa na akili zangu timamu, nimekubali kununua GPS ya ndege. Bendera zishushwe nusu mlingoti mpaka jirani yetu Eldon atakapomaliza kucheka.

Baada ya tangazo hilo, pokea salamu. Sisi tu wazima. Goti langu linatabiri theluji vizuri kuliko redio, ng'ombe wanakula majani ya kununua kwa sababu ya ukame, na mama yako hajambo kabisa, hasa anapokuwa na kosa langu la kuzungumzia. Wewe je, huko Alaska baridi inakuachia urushe barua za watu kwa ndege? Unakula?

Sasa nikueleze. Unajua kwamba tangu siku ya yule fahali, mama yako hajakanyaga ndege yangu. Mimi nilipotea kidogo kwenye ukungu, nikatua kwenye malisho ya watu, na mwenye malisho akaja kutupokea akiwa na pembe. Mama yako alirudi nyumbani kwa lori la nguruwe, akasema lilikuwa na dereva anayejua anakokwenda. Miaka mitatu sasa kila Jumamosi naruka peke yangu kwenda kunywa kahawa kwenye viwanja vya wenzangu. Kiti cha upande wa kulia, kile cha mama yako, nimekiwekea mfuko wa mbegu za mahindi, kisinitazame kikiwa kitupu. Watu wakiuliza LaVonne wangu yuko wapi, nawaonyesha mfuko. Wanacheka. Mimi sicheki sana.

Jana nikamuuliza mama yako, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi, kama mwezi wa tano atakuja nami Almeda kwenye chakula cha asubuhi cha marubani. Unajua Almeda ni wapi kwetu. Ndipo nilipomkuta mara ya kwanza akigeuza chapati za maji, msichana mwenye unga puani, na nikala sahani nne ili nipate kurudi kwenye foleni. Mama yako akanitazama kwanza. Kisha akasema, "Lambert, siku utakapokuwa na kitu kinachojua tulipo, na mimi mwenyewe nikaweza kukisoma, nitakuja."

Basi nishauri. Mimi nilijifunza kuruka kwa ramani ya karatasi, dira, na majina yaliyopakwa kwenye minara ya maji ya miji. Vitu hivi vipya sivijui hata pa kuvishikia.

Baba yako,
Lambert

---

Bethel, Alaska
23 Februari 2003

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, na mwambie Mama soksi zimefika. Hapa barua ninazorusha ni chache kuliko maboksi ya nepi na kuku wa barafu, lakini kazi ni kazi.

Nimeisoma barua yako mbele ya mafundi wetu wa ndege, wakaomba niirudie pale penye fahali.

Sikiliza sasa, maana nakujua. Usinunue GPS ya gari kwa sababu ni rahisi. Ya gari itakuonyesha duka la donati, haitakuonyesha kiwanja wala anga isiyoruhusiwa. Tafuta iliyotengenezwa kwa ndege. Itoe nje juani uone kama maandishi yanasomeka, kwa sababu dukani kila skrini ni nzuri. Vaa glavu ubonyeze vitufe. Uliza betri zinadumu muda gani, maana ndege yako haina hata tundu la kuchomeka waya. Na ukiweza, itingishe, maana huko juu hakuna kinachotulia.

Lakini yote hayo ni ya rubani. Wewe hununui ya rubani, Baba. Unanunua ya kiti cha upande wa kulia. Mpe Mama aishike kwanza.

Binti yako,
Marcella

---

Zelenka
7 Mei 2003

Mwanangu,

Salamu zimfikie rubani mkuu wa maboksi ya nepi. Tu wazima, mvua imenyesha mara mbili, na mahindi yameanza kuwa na matumaini.

GPS ipo! Eldon alituazimia tatu kutoka kwa wenzake tuzijaribu. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya rangi ya kijivu, betri zake hazichoki, na mimi niliipenda kama mtoto. Ya pili ilikuwa na vitufe vingi, nikabonyeza kimoja ikaniambia niko baharini. Ya tatu ni nene kama tofali, ina rangi, inakula betri kama ndama anavyonyonya, lakini herufi zake ni kubwa.

Nilifuata maagizo yako yote. Kwa kutingishwa, nilizifunga kwenye trekta nikazunguka nazo shamba la chini. Kisha tukatoka juani na mama yako. Ile niliyoipenda akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akasema, "Hii ni ya sisimizi." Akachukua tofali. Hakuvaa miwani. Akasoma kwa sauti, "Zelenka, Nebraska," akatazama nyumba, akatazama skrini, akasema, "Haya, angalau kuna mmoja hapa anayejua." Nikainunua tofali siku ileile.

Kishikizo chake cha dukani kilinichukiza kwa bei. Nimetengeneza changu mwenyewe. Unaikumbuka ile sumaku ya duara inayoshika nati zangu karakanani? Nimeigundisha nyuma ya tofali, na juu ya dashibodi nimefunga kibati cha chuma, pale chini ya dira kabisa, ili vyote viwili niwe navyo machoni. Imeshika hata ukiipiga ngumi.

Tarehe kumi na saba tunakwenda Almeda. Mfuko wa mbegu nimeutoa. Mama yako ameosha kiti.

Baba yako, mwenye furaha

---

Bethel
14 Mei 2003

Baba,

Shikamoo, na unisamehe kwa kutouliza hali.

SUMAKU? CHINI YA DIRA?

Baba, hilo duara linavuta nati za trekta. Unafikiri sindano ya dira litaiacha? Dira yako sasa inaweza kukuelekeza popote. Itoe! Itoe kabla hujamkalisha Mama kwenye hicho kiti, maana akipotea tena na wewe, hatapanda hata ngazi.

Simu zetu zimekatika tangu barafu ya mto ilipovunjika. Ninaitoa barua hii na ndege ya kwanza. Naomba ifike kabla ya Jumamosi.

Marcella

---

Zelenka
18 Mei 2003

Binti yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta na afya njema kama inavyotuacha sisi.

Safari ya Almeda imekwenda. Tumekula. Tumerudi. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, upepo wa kusini, si mkali, mawingu machache ya juu. Ngano ya watu imependeza mwaka huu. Eldon anakusalimu. Paka anakusalimu.

Baba yako

---

Bethel
4 Juni 2003

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, mto umetulia, simu bado.

Nimepokea barua yako, ambayo ina mawingu mengi kuliko anga. Siku hiyohiyo nimepokea bahasha ya Mama. Hakuna barua ndani, ni picha tu iliyokatwa kwenye gazeti. Wewe uko katikati, umeshika sahani, uso wako kama wa mtu aliyekamatwa. Kulia kwako kuna gari la zimamoto. Nyuma yako kuna mnara wa maji, na mnara umeandikwa CORLISS, KANSAS.

Baba, Almeda iko magharibi yetu. Kansas iko kusini, na ni jimbo jingine.

Mafundi hapa wameibandika ukutani. Nimewaahidi maelezo. Ila mimi nataka kujua jambo moja tu, na uniambie bila kunizungusha: Mama bado anapanda?

Binti yako anayesubiri

---

Zelenka
14 Juni 2003

Mwanangu Marcella,

Marahaba. Barua yako ya sumaku ilifika Jumatatu. Mama yako aliipokea, akaisoma yote mlangoni, akaenda kuisomea simuni nusu ya kanisa. Kwa hiyo sina cha kuficha tena. Yaliyotokea ni haya.

Tulipaa vizuri. Mama yako alikuwa amevaa lile shati la njano. Nikaiweka dira magharibi sawasawa, nikajiegemeza kama mtu kwenye kochi lake. Baada ya muda mama yako akasema, "Lambert, kitu kinasema twende kulia."

Nikamwambia, "Kinajifunza bado."

"Kinasema sana twende kulia."

"LaVonne, dira hii ipo kwenye ndege hii tangu mimi sijaota ndevu. Haijawahi kunidanganya."

"Na kwa yule fahali tulipelekwa na nani?"

Nikaikazia macho dira, kiume. Sasa, unajua barabara za kwetu zimechorwa miraba kama daftari la hesabu, zote ni kaskazini-kusini au mashariki-magharibi. Mtoto mchanga angeona kwamba tunazikata kona kwa kona. Mama yako aliona. Nilimwambia hii ni wilaya ya watu waliojenga barabara upande. Kisha mto ukapita chini yetu, mahali pasipotakiwa kuwa na mto. Nikamwambia huo ni mto wetu Platte, umekonda kwa ukame.

"Umekonda ukahama?" akauliza.

Hapo nikaona mnara wa maji. Nikashuka niusome, na yeye akausoma kabla yangu, bila miwani, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani: "Corliss, Kansas."

Mwanangu, sikuogopa kupotea. Mafuta yalikuwepo, kiwanja cha nyasi kilikuwa pale chini, jua limewaka. Niliogopa kugeuka kulia. Nilijua nikitazama nitaona ule uso wa siku ya lori la nguruwe, na mfuko wa mbegu utarudi kwenye kiti, na safari hii hautatoka.

Tukatua. Corliss hawakuwa wameona ndege ikishuka pale kwa miaka, na asubuhi hiyo kikosi chao cha zimamoto kilikuwa na chakula cha kuchangisha fedha za gari jipya. Wakadhani tunaungua. Likatujia lile gari kuukuu, king'ora juu, wanaume sita wakining'inia, mmoja bado ana kijiko cha kugeuzia soseji. Mama yako akasema, "Angalau hawana pembe." Walisikitika kidogo walipoona hakuna moto, kisha wakatupa maharage ya nyama na maandazi ya mdalasini, na mwenye gazeti akapiga ile picha.

Wanawake wakataka kuona GPS. Mama yako akaing'oa kwenye kishikizo changu, na mimi nilikuwa nimeegemea mlango. Nikaona dira ikigeuka. Ndege imesimama, injini imezimwa, na dira inageuka taratibu kama mtu aliyeamshwa. Mama yako akairudisha GPS. Dira ikarudi Kansas. Akaitoa. Ikageuka. Akaniangalia.

"Lambert," akasema, "hiki kitu kilikuwa kinajua tulipo muda wote."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa nakisoma sawasawa."

"Ndiyo."

"Ni wewe tu na duara lako."

"Ni mimi tu na duara langu."

Nikasubiri. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi na shati lake la njano, wanaume wa zimamoto nao wakacheka bila kujua wanacheka nini. Nilikuwa sijakisikia kicheko hicho hewani wala ardhini kwa miaka mitatu. Akainuka, akalibandua duara langu, akalitupa kwenye ndoo ya mchanga ya zimamoto, akapanda, akafunga mkanda, akaiweka tofali magotini. "Wewe endesha," akasema. "Kushoto kidogo. Nimesema kidogo."

Tukafika Almeda watu wakipangusa meza. Kwa hiyo ile barua yangu ya mawingu haikuwa uongo mtupu, tulikula. Unga ulibaki kidogo ndani ya ndoo yao, wa chapati mbili. Mama yako akamnyang'anya mtu mwiko, akanigeuzia zote mbili. Nilikula moja, nikarudi kwenye foleni, ambayo ilikuwa mimi peke yangu.

Nilikuficha kwa sababu nilidhani ukiandikwa huo mkosi utakuwa fahali wa pili. Kumbe mwenzangu anausimulia kama harusi.

Umeuliza kama bado anapanda. Kishikizo cha dukani hatukununua, magoti yake yanatosha. Leo ni Jumamosi. Ningeendelea kukuandikia, lakini amekwisha kukaa kwenye kiti chake tangu nilipoanza ukurasa huu, ameiwasha tofali, na sasa anapiga kelele dirishani kwamba tukichelewa tena tusiisingizie dira, na kwamba mimi ndiye ninayemmalizia betri.

Baba yako,
Lambert