Matabishi ya Mama Sokoni Uzès

Mama,

Nimeenda. Peke yangu. Nimekanyaga ule uwanja wa Uzès, kusini mwa Ufaransa, uliokuwa kwenye kalenda ya masista ukutani mwa shule yako Bukavu. Matao ya mawe yapo, miti ipo, soko la Jumamosi lipo. Wewe ndiye hukuwepo.

Nakuandikia nikiwa nimerudi Sydney, hapa kwenye meza yako ya jikoni. Ni miezi minane sasa tangu uondoke, na hadi safari hii lile neno lilikuwa halijanitoka mdomoni. Watu wa kanisa pale Bankstown wananingojea niseme machache siku ya kumaliza matanga, na nimeshaiahirisha mara tatu. Wanadhani natafuta ukumbi. Si ukumbi, Mama. Niliona kwamba nikisimama mbele yao nikasema umekufa, basi utakuwa umekufa kweli, na mimi nitakuwa nimekuua mara ya pili.

Mara ya kwanza unaijua. "Utanipeleka siku gani? Miguu ingali iko," ulikuwa ukiniambia kila nikirudi kutoka kazini. Nami najibu, mwakani, Mama, niko na shifti. Nilikuwa nawaogesha mama za watu, nawakata kucha, nawasukuma kwenye viti vyao hadi juani, na wewe umekaa nyumbani na pasipoti mpya kwenye mkoba. Moyo wako haukungoja hiyo mwakani. Najichukia. Nakuambia waziwazi, haipiti siku sijajichukia.

Hukutaka Paris. Ulitaka kuona namna wazungu wanavyopanga nyanya. Miaka yote ile sokoni Kadutu, kule Bukavu, ulipanga zako mafungu, mbovu chini, nzuri juu, na mwenyewe ulikiri huku ukicheka. Na hapa Sydney, sokoni Cabramatta, ulivyomsumbua yule mama wa Kivietinamu! Wewe hujui Kiingereza, yeye hajui Kiswahili, lakini ukimwonyesha kiganja kitupu, "Na matabishi?", anakuongezea kitunguu, anakuongezea na pilipili. Mimi najificha nyuma ya toroli kwa aibu.

Sasa sikia nilichofanya Uzès. Muuzaji, mama mzee mwenye aproni ya bluu, alinifungia nyanya zangu, na mdomo wangu ukasema wenyewe, kwa Kifaransa kile chako: na matabishi? Akanitazama tu. Neno hilo ni letu sisi Wakongo, Mama, yeye hajawahi kulisikia! Nikamweleza kwamba ni ile ya juu, ile anayoongeza muuzaji kwa moyo wake, na kwamba mama yangu haondoki sokoni bila hiyo. Akacheka, akaongeza mbili kubwa. Hizi za mama yako, akasema. Yuko wapi?

Nikasema amekaa pale kwenye chemchemi ya katikati ya uwanja, miguu imemchoka.

Sikufikiri hata kidogo. Na kwa dakika chache nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu uondoke. Nikaenda kukaa pale, nikakuachia nafasi upande wa kulia. Soko likaanza kufungwa. Sikuweza kuzila zile nyanya, sikuweza kuondoka. Mara nikamwona yule muuzaji anakuja na kreti mikononi, anaangaza huku na huku, anatafuta mtu wa kumsalimia. Akafika. Akaitazama nafasi tupu. "Maman?"

"Amekufa," nikasema.

Kwa Kiswahili, Mama. Kifaransa chote kilinikimbia. Akaweka kreti chini, akakaa, si pale pako, upande ule mwingine, akanishika mkono. Nililia mpaka wafagiaji wakamaliza uwanja mzima.

Usidhani nimerudi nimetulia. Jana nilipika sombe, majani yetu ya muhogo, nikapakua sahani mbili, nikabaki nimesimama na mwiko sijui nifanye nini. Lakini neno limeshatoka mara moja, hata kama ni mbele ya mtu asiyelijua.

Matanga ni Jumapili hii, nimeshawaambia. Nakuahidi sitaahirisha tena. Nitasimama mbele ya watu wanaokujua, kwa lugha yetu, niseme mama yangu amekufa. Nitasema pia aliniomba safari moja tu, na sikumpeleka. Wataanza kunipa pole, kuniambia si kosa langu. Nitawaomba wanyamaze, waniache nimalize.

Lala, Mama. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nitakuelewa.

Neema wako