Jitu la Ukutani Limeniiga

Shoga, nimeumbuka! Nimeumbuka, nakwambia!

Lile jitu la mwanga wasanii waliloliweka ukutani pale stendi, linaloiga wapita njia, si nikajua limezimwa! Nikaangaza kushoto, kulia, hakuna mtu. Nikapinda goti, nikaivuta chupi iliyonibana tangu ofisini.

Kugeuka, jitu refu kama ghorofa tatu linavuta chupi! LINAVUTA CHUPI, shoga!

Nikamkimbilia fundi wake kibandani: "Kaka, lizime!"

Anajibu, wala hacheki: "Dada, likijifunza kitu kipya linasalimia nacho watu mpaka jioni."

Nikatoka mbio.

Sasa hivi mama mkwe kanipigia, anacheka hadi anakohoa: "Mwanangu, pita stendi ukaone jitu. Linavuta kama wewe kabisa!"

KAMA WEWE KABISA. Kumbe siku zote huwa ananiona!