Harufu ya Javeli

Kamina, Jumanne

Kwako kaka yangu, yaya Ramazani,

Assalam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta ungali na nguvu za kuwafokea wanafunzi wako wa kemia huko Luena, na kwamba goti la wifi limepona. Mama anakusalimu. Sote wazima, ila mimi nina jambo, nalo naliandika polepole kwa kuwa naogopa kulifikia.

Bado nauza javeli ya kung'arishia nguo sokoni. Nachanganya poda ya klori na maji, najaza chupa kuukuu. Wateja wa hapa unawajua: hanunui mtu kabla hajafungua kizibo na kunusa. Poda ya mwezi huu ilikuwa imechoka, na kila aliyenusa alinirudishia chupa akisema, "Hii iko mayi tu." Niliona haya mbele ya wenzangu.

Jumatano iliyopita Exaucée, mke wa askari wa kambini, alinusa akafurahi, akasema sasa hii njo javeli ya kweli. Alinunua chupa tatu, akazisukuma chini ya kitanda cha mama mkwe wake, Nday. Mchana kulikuwa na joto. Bibi alilala kitandani, na mjukuu wake Glodie mkekani. Exaucée aliporudi kutoka kisimani alikuta vizibo vimeruka, chumba kinachoma macho, bibi anakohoa kidogo, mtoto anatokwa na povu mdomoni. Glodie yuko hospitalini na oksijeni, na daktari haahidi kitu.

Watu wa nyumba ile walikuja kuniuliza. Nilijibu kwamba javeli yangu ni ile ile ya siku zote. Basi wakaanza kuulizana kwa nini chumba kimoja kimuunguze mtoto na kumwacha bibi. Wamesema Nday ni mchawi. Wamemfungia katika nyumba ya maombi bila chakula, na kesho baada ya ibada atatolewa akiri mbele ya watu. Leo nimepita pale nikaona matairi mawili ya gari kando ya dumu la petroli mlangoni. Hakuna aliyeuliza ni ya nini.

Yaya, ulipokuja likizo ulinionya javeli isikutane na asidi, kwamba klori hutoka, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hushuka na kutanda sakafuni. Nilikucheka, nikakwambia mwalimu hajui soko. Ni mimi niliyetia maji ya betri, asidi ile ile, katika zile chupa, kizibo kimoja kila chupa, ili harufu iamke. Nday hakumloga mtu. Alilala juu tu.

Chupa zilikuwa tisa. Nne nimezifuata nikazirudisha. Mbili sijui ziko chini ya kitanda cha nani.

Kesho nitasimama mlangoni pale kabla ibada haijaisha, niseme yote. Barua hii anakuletea Omari wa pikipiki. Panda naye, uje na kitabu chako cha kemia. Huenda wasiniamini. Na wakiniamini, matairi yale yatakuwa yangu.

Mbusu wifi na watoto kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Sauda