Kidole Kwenye Usukani

Port Lincoln, 3 Mei 1993

Mwanangu Glenn,

Hujambo? Mgongo je, bado unakusumbua na hayo maji baridi ya kufugia chaza? Mimi sijambo, ila magoti yananung'unika. Baba yako mzima: anakula, anakoroma, anagombana na redio.

Utashangaa kuona muhuri wa Port Lincoln. Shamba tumeuza, mwanangu. Ngano, kondoo, mpaka lile jiko lililonizeesha. Mervyn amenunua karavani, chumba cha magurudumu chenye kitanda na sinki, akaifunga nyuma ya Landkruza, na sasa tunafuata pwani kwenda magharibi kama alivyoniahidi tulipooana. Nilidhani njiani tutaongea. Wapi! Gari likitokea mbele, hata liwe la nani, kidole chake kinainuka kwenye usukani. Lori, trekta, basi, wote anawasalimu. Juzi nikamwambia, "Merv, na mimi nisalimie basi, nimekaa hapa hapa." Akasema, "Wewe si tunakwenda upande mmoja?" Nilicheka, kisha nikageukia dirishani nikalia kidogo.

Sasa sikiliza. Jumamosi asubuhi tutatoka Elliston, na tutapita hapo kwenu Streaky Bay. Kusimama hataki, anasema mafuta atajaza kabla. Tangu ulipoacha mavuno katikati ukaenda zako, miaka sita hii, hajalitaja jina lako. Nami nimewaza hivi: azima gari la bosi wako Dulcie, uje tukutane uso kwa uso baada ya Port Kenny. Kidole cha baba yako hakijui kuchagua. Atakuwa ameshakusalimu kabla hajajua ni nani. Ni kitu kidogo, najua, lakini ni mwanzo.

Nijibu kwa posta ya Elliston. Barua nitachukua mimi, yeye akijaza maji kwenye tangi.

Mama yako


Streaky Bay, 5 Mei 1993

Mama mpenzi,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Mgongo wangu unauma ukitajwa tu, kwa hiyo usiutaje. Habari ya shamba imenichoma. Najua sina haki ya kulililia, ila nililia nikiwa ndani ya maji, mahali ambapo hakuna anayegundua.

Gari la Dulcie siazimi. Nikija, nakuja na pikapu ileile ya kahawia niliyoondoka nayo, ile aliyonifundishia kuendesha. Sitaki asalimu mtu asiyemjua, halafu mimi na wewe tujidanganye kwamba ni mimi. Siku ile alisema mbele ya wavunaji wote kwamba hana mtoto. Basi akiinua kidole, amwinulie mtoto huyo huyo.

Huku naishi peke yangu. Watu ni wema, sote tunasalimiana barabarani, na kuna siku hiyo ndiyo salamu yangu pekee tangu asubuhi hadi nalala. Kwa hiyo usiseme ni kitu kidogo, Mama.

Nitakuwepo.

Mwanao


Streaky Bay, 8 Mei 1993

Mama,

Nisamehe, leo salamu sina nguvu ya kuzipanga. Barua hii naituma posta ya Ceduna, utaikuta ukifika.

Nilikuona. Ulivaa ile skafu ya kijani, ukanipungia mkono mzima. Mbele yangu kulikuwa na lori la kondoo, na nilimwona Baba anamwinulia dereva wake kidole. Ikafika zamu yangu. Nikapunguza mwendo, nikainua changu kwanza. Yeye akashika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele, akapita.

Niliegesha pembeni nikawaangalia kwenye kioo mpaka karavani ikapotea. Nilingoja kidogo, labda mngegeuza. Nilikuwa mjinga.

Tafadhali usiniandikie tena habari za Baba. Kuna kazi ya chaza Tasmania, wamekuwa wakinisubiri nijibu, na leo nimejibu. Ijumaa napanda basi. Pikapu namwachia Dulcie. Wewe nakupenda, usije ukadhani vinginevyo.

Mwanao


Fowlers Bay, 14 Mei 1993

Mwanangu Glenn,

Hali yako? Sisi tuko salama, upepo tu ndio unataka kutupeleka baharini. Kama uliniandikia Ceduna sijaipata. Baba yako aliupita mji ule bila hata kukanyaga breki.

Alikutambua, Glenn. Aliitambua pikapu tangu mbali, nikaona shingo yake imekakamaa. Tangu dakika ile hajamwinulia mtu kidole. Watu wanamsalimu, anawapita kama miti. Hapa amekaa na fimbo ya kuvulia siku nzima, chambo hajaweka.

Leo asubuhi kaja kanipa ufunguo. "Endesha wewe, Noelene."

"Merv, mimi sijawahi kuvuta karavani hata kuizungusha uani!"

"Utajifunza. Mimi nikishika usukani nitapita tena. Najijua."

Tunarudi, mwanangu! Nampa barua hii dereva wa lori la samaki ili itutangulie, maana kwa mwendo wangu hata kobe atapiga honi. Usiende kokote. Safari hii breki ninayo mimi.

Mama yako


Streaky Bay, 20 Mei 1993

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Tasmania, na kwamba umepata koti zito.

Barua yako nimeipokea Ceduna, nikaisoma kwenye ngazi za posta. Ijumaa ilikuwa imeshapita. Nikampa na baba yako aisome, nimechoka kumficha. Aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia, akasema, "Twende hivyo hivyo." Barua yangu ya Fowlers Bay tumeikuta mezani kwa Dulcie haijafunguliwa, naitia humu ndani, uisome uone nilivyokuwa na furaha.

Dulcie ametupa nafasi uani, na magharibi hatuendi tena. Nimemuuliza baba yako tutakaa mpaka lini, akasema swali hilo nikuulize wewe. Basi nakuuliza.

Pikapu yako imeegeshwa langoni, uso kwa barabara. Kila asubuhi baba yako huingia humo na kuketi upande wa dereva, injini imezimwa. Leo nilimpelekea chai. Lori la barafu likapita, dereva akainua kidole. Likafuata basi la shule, mama anayeliendesha naye akainua chake. Mervyn akawajibu wote wawili.

"Naona umeshapata marafiki," nikamtania.

Hakucheka. "Si mimi wanayemsalimu. Wanadhani ni yeye." Akanywa chai kidogo, macho barabarani. "Nawaitikia tu, wasije wakaacha."

Mama yako,
na
Baba